Mwanangu, njaa ya saa saba mchana ndiyo inayokula pesa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Unasema tiketi za Orlando, Florida, zimeshalipwa, siku tatu kwenye bustani za michezo za Disney na siku moja kwenye za Universal, mwezi wa saba watoto wakiwa likizo. Sasa mumeo ameshika kalamu kupiga hesabu ya chakula, mkabaki mnatazamana. Umeniuliza mawili: watu watano mtakula vipi siku nne bila kurudi Columbus na deni kwenye kadi, na je, si aibu kuingia mahali kama pale mmebeba vyakula vyenu?

Nianze na hilo la aibu, maana likikukaa moyoni, mengine nitakayokwambia hayatakufaa. Hakuna aibu yoyote. Disney wenyewe wanamruhusu mgeni aingie na chakula chake na vinywaji visivyo na pombe, ilimradi chakula hakihitaji kupashwa moto na hakuna chombo cha kioo, isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga. Mfuko wa kutunza baridi unaruhusiwa pia, usizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18, na ndani yake usitie barafu iliyomwagwa wala ile barafu kavu. Unapita ukaguzini, wanaangalia, wanakutakia siku njema. Mimi nimepika kwenye hoteli za mji ule miaka mingi. Nimewaona wageni wa kila taifa, watu wenye uwezo wao, wakishuka asubuhi na mikate yao wameifunga kwenye foili, wanapanda basi la kwenda bustanini bila wasiwasi. Mwambie mkwe wangu hivyo, na mwambie ni mimi niliyesema.

Sasa nikwambie pesa inakopotelea. Haipotelei kwenye chakula kizuri. Inapotelea kwenye njaa ya ghafla. Saa saba mchana, jua la Florida limefika nyuzi 33, mdogo analia, wa kati anavuta mkono, foleni iliyopita imekula saa nzima. Hapo mtu hachagui tena. Ananunua kilicho karibu, kwa bei iliyoandikwa, na chupa nne za maji juu yake, na watoto wanaonja tu wanaacha kwa sababu joto limewaondolea hamu. Nimewahi kukaa karibu na mapipa ya taka ya sehemu kama zile, nikaona sahani zinamwagwa nusu zimejaa. Roho iliniuma.

Piga hesabu nami. Kwenye kaunta, mlo wa mtu mzima ni dola kumi na kitu hadi karibu 20, tuchukue 15. Wa mtoto tuchukue 8. Kwa Disney mtoto anaishia miaka 9, kwa hiyo mjukuu wangu mkubwa mwenye miaka 11 anahesabiwa na nyinyi, mnakuwa watu wazima watatu: dola 45. Wa miaka 7 ni dola 8, jumla 53. Ongeza kodi ya mauzo ya Orange County, asilimia 6.5, ambayo haimo kwenye bei unayoisoma ubaoni, inakuja 56 na senti. Mara tatu kwa siku ni karibu 170. Siku nne zinakaribia 680, na hapo hamjanunua maji wala aiskrimu, wala hamjakaa kwenye meza yenye mhudumu anayestahili bakshishi. Mdogo wa miaka 2 peke yake hana gharama: chini ya miaka 3 haihitajiki tiketi, na kwenye bufee anakula bure.

Upande wa pili, jimbo la Florida halitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vingi vya kupeleka nyumbani: mkate, maziwa, mayai, matunda. Kwa hiyo siku mnapofika, kabla ya kufungua mabegi, pitieni Publix au Walmart, maduka makubwa ya vyakula. Nunueni ndizi, tufaha, zabibu, mtindi wa watoto, karanga, biskuti, na katoni ya maji ya chupa. Umesema hoteli mliyoshika iko nje ya Disney, ina friji na maikrowevu, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Basi mlo wa kwanza umekwisha hapo. Waamshe watoto mapema, wale mayai washibe, wasikimbizwe kutoka mezani. Ila kile cha bufee ya hoteli kiliwe pale mezani, usikifungashe kwenye mkoba. Nimekuwa upande wa jikoni, najua wanavyokipima, na sitaki watoto waone mama yao akificha mikate.

Chakula cha mchana ndicho kinachotaka akili. Mimi ningekwenda na chapati. Chapati za kuliwa baridi zina namna yake: kanda unga kwa maji ya moto, mafuta yazidi kidogo kuliko ulivyozoea, funika donge lipumzike nusu saa. Kila moja ukiitoa kwenye chuma iweke juu ya mwenzake ndani ya kitambaa zikiwa bado zina moto, zilainishane. Zikipoa, tenganisha kwa karatasi, zigandishe. Chakula kikavu hakina tatizo uwanja wa ndege, na mkifika hotelini zitakuwa ndiyo kwanza zinaanza kulegea. Usiku chukua za kesho yake, tandaza juu yake yai la kukaanga lenye kitunguu na hoho, au kuku uliyemchambua, yule wa halali unayemnunua hapo Columbus, viringisha kwa nguvu, funga kwenye foili, tia frijini. Kila mtu na zake, na za ziada mbili. Katlesi nazo zinafaa, zimekaangwa vizuri na zimekauka. Wali wa nazi, pilau na chochote chenye mayonezi viacheni nyumbani. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema chakula kinachoharibika kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Mwezi wa saba Orlando utakuwa kwenye hiyo saa 1 karibu kila mchana.

Kwa hiyo baridi mtaitoa wapi bila barafu? Chupa za maji. Zigandishe usiku kucha, asubuhi zipange chini na pembeni mwa mfuko, chakula katikati. Zinalinda chapati mpaka mchana, kisha zinageuka maji ya kunywa. Zikiisha, nendeni kaunta yoyote inayouza vinywaji vya kumimina, ombeni maji ya barafu. Ni bure, hawaulizi umenunua nini. Watoto wakikataa ladha ya maji ya bomba, kata ndimu hotelini uje nayo kwenye kopo dogo, kwa sababu kisu hakiruhusiwi kuingia. Na kama umepanga kubeba chai, chukua chupa ya chuma. Ile ya zamani yenye kioo ndani isije ikaleta maneno mlangoni.

Msiache chakula garini mkitumaini kukirudia. Gari lililofungwa juani ni tanuri, na kwenye Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney, usisahau kwamba mkiegesha bado mna treni ya juu au feri ya kuvuka kabla ya kufika langoni. Kurudi garini na kwenda tena kutakuleni saa nzima ya siku mliyoilipia. Kigari cha mtoto kitabeba mfuko wote chini ya kiti.

Kuleni saa tano, kabla njaa haijaanza kusema. Wengine watakuwa bado kwenye foleni za michezo na viti vya kivulini vitakuwa wazi. Kisha kuleni tena kidogo kama saa tisa, wakati mvua ya radi ya alasiri inapoanza kunyesha, maana msimu huo hunyesha siku nyingi na michezo mingi ya nje husimamishwa. Wakati wenzenu wanakimbilia madukani na migahawani kujificha mvua wakaishia kununua, nyinyi mnajificha mkiwa na karanga na zabibu zenu. Jioni, kama miguu bado ina nguvu, nunueni mlo mmoja wa moto kaunta. Fungua programu ya Disney kwenye simu uone vyakula na bei kabla hamjasogea. Milo ya watoto huja na vyakula viwili vidogo vya pembeni na kinywaji, na mtu mzima mwenye tumbo dogo kama wewe inamtosha kabisa. Kwenye kaunta muagize tu.

Watoto msiwanyime. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu nakujua, ukishaanza kubana unabana mpaka basi. Mjukuu wangu hawezi kupita Disney bila ile aiskrimu yenye masikio ya Mickey. Nunua kadi za zawadi za Disney, tia kiasi mnachokubaliana na mumeo, mpe kila mmoja wa wale wakubwa wawili kadi yake, mwambie hii ni ya vitu vya kutamani kwa siku zote tatu. Wa miaka 11 utamwona anasimama mbele ya kaunta anasoma bei, anafikiri, anaondoka, anarudi. Acha achague mwenyewe, na usimsemeshe.

Siku ya Universal ibadilisheni hesabu, maana pale masharti ni magumu zaidi. Wanaruhusu maji ya chupa, vitafunio vidogo na chakula cha mtoto mchanga, lakini si mlo wa kutandika, na mfuko wa baridi ukiwa laini usizidi inchi 8.5 kwa 6 kwa 6. Huo unaingia ndizi, biskuti na maji tu. Siku hiyo asubuhi kuleni sana, na mlo wa mchana muununue. Mnaweza pia kutoka hadi CityWalk, penye migahawa nje ya lango, mkarudi kwa tiketi ileile. Haya masharti yasomeni tena kwenye tovuti zao wiki moja kabla ya safari.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda, kwa sababu pesa mtakayoiokoa lazima iwe na mahali pa kwenda. Kuleni mara moja mezani, mkae, mhudumiwe. Na mahali penyewe ni Sanaa, kwenye hoteli ya Disney's Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village. Si lazima muwe mmelala pale. Mkishika meza mnaingia. Madirisha yake yanatazama mbuga, twiga na pundamilia wanapita nje huku mnakula. Agizeni ile sinia ya mikate: mikate ya aina tano ya Kihindi, na vitoweo tisa vya kuchovya, kuna chatne ya embe, ya ukwaju, ya kotimiri, na vingine vikali. Haina nyama, kwa hiyo swali la halali halipo, na bei yake ni dola ishirini na kitu kwa sinia. Sinia mbili na chakula kimoja cha mtoto zinawatosha. Ongeza kodi na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Mngekuwa sita wangeikata wenyewe asilimia 18, lakini nyinyi ni watano, mtaweka kwa mkono wenu. Wekeni vizuri. Wale wahudumu wanaishi kwa hiyo.

Iwe siku ileile mtakayokwenda Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1998, na ndani yake kuna kijiji cha Harambe kilichojengwa kwa mfano wa pwani yetu, kuta zimechubuliwa rangi makusudi zionekane za kale, mabango kwa Kiswahili. Wajukuu wangu waliozaliwa Ohio watasoma Tamu Tamu kwenye kibanda cha vinywaji na kukuuliza. Kuna bufee pale ya Tusker House, na Donald, yule bata wa Disney, anapita mezani kusalimia watoto, lakini kwa watu wenu ni pesa nyingi mno kwa mlo mmoja. Boma, iliyo Jambo House, jengo jingine la hoteli ileile ya Sanaa, nayo ni bufee nzuri. Mkiwa na hamu nayo siku nyingine, nendeni asubuhi, jioni bei inapanda.

Mumeo ameuliza kuhusu mipango ya chakula ya Disney ya kulipia mapema. Hiyo ni ya waliolala hoteli za Disney, nyinyi haiwahusu. Iliporudi Januari 2024, ule mdogo ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja. Kwa familia inayokula chapati mchana, hamtapungukiwa kitu bila hiyo.

Kushika meza Sanaa kunafunguliwa siku 60 kabla. Weka kengele kwenye simu, uamke alfajiri, usingoje mchana. Mkibadili nia, futeni angalau saa mbili kabla, la sivyo watakata dola 10 kwa kila mtu.

Mama yako hapa pembeni anauliza kama friji ya hoteli ina sehemu ya kugandishia, au ni zile ndogo za kupoza soda. Piga simu uwaulize kabla hujakanda unga wa watu watano, kisha utujulishe.

Baba yako