Wanasayansi hutafuta nini hasa?

SWALI: Tunaambiwa wanasayansi hutafuta ukweli, lakini ukisoma habari zao unakuta ugomvi wa nani alitangulia, tuzo na fedha za utafiti. Ni nini hasa kinachomsukuma mtu? Nami nikianza uchunguzi wangu, nitajuaje kwamba nia yangu haiharibu kazi?

JIBU: Vinavyomsukuma ni vingi, na mara nyingi mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Kinachojirudia sana ni kero ya jambo lisilokaa sawa. Johannes Kepler, mnajimu wa Ujerumani, aliamini kwa dhati kwamba Mungu aliziumba mbingu kwa kipimo. Alipokokotoa njia ya sayari ya Mirihi kwa vipimo vya Tycho Brahe, mtazamaji nyota aliyesifika kwa usahihi, njia ya duara ilipishana na vipimo hivyo kwa dakika 8 za digrii. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu angani. Wengi wangesema inatosha. Yeye alijua Brahe hakosei kiasi hicho, akaacha hesabu zake akaanza upya, na mwaka 1609 akachapisha kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo. Imani ilimpa nguvu ya kuendelea; kipimo ndicho kilichoamua.

Sifa nayo huchochea, tusijidanganye. Charles Darwin aliandika muhtasari wa nadharia yake ya mageuko ya viumbe mwaka 1842, akakaa nao huku akikusanya ushahidi. Juni 1858 akapokea barua ya mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, yenye wazo lilelile. Hofu ya kutanguliwa ikamharakisha, na kitabu chake kikatoka Novemba 1859.

Balaa huanza pale hamu inaposhika kipimo. Mwaka 1903, mwanafizikia René Blondlot wa Nancy, Ufaransa, alitangaza mionzi mipya aliyoiita N. Ushahidi ulikuwa mabadiliko madogo ya mwangaza hafifu, yaliyopimwa kwa macho, gizani. Mwaka 1904 mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alitembelea maabara hiyo, na jaribio likiendelea akaondoa kisirisiri prizimu ya alumini iliyodaiwa kuitawanya mionzi. Vipimo vikaendelea kusomwa vilevile. Blondlot hakuwa tapeli. Aliona alichotarajia kuona.

Kwa hiyo usihangaike kuitakasa nia, ifunge kamba. Kabla ya kuanza, andika unachotarajia, matokeo yatakayokufanya uliache wazo lako, na idadi ya vipimo utakavyochukua. Hiyo idadi ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana wengi huacha kupima siku jibu linapowapendeza. Mtu mwingine aziite sampuli A na B, aandike ipi ni ipi na kuiweka karatasi hiyo kwenye bahasha, nawe usiifungue mpaka tarakimu zote ziwe zimeandikwa kwa wino. Kisha fanya kama Wood: rudia ukiwa umekiondoa kile unachodhani ndicho chanzo. Matokeo yakibaki yaleyale, chanzo si hicho. Na kipimo kilichoharibika usikifute. Kipige mstari mmoja, andika sababu pembeni.

SWALI: Anayefanya utafiti kwa ajili ya mshahara, naye ni mwanasayansi wa kweli?

JIBU: Ndiyo. William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness. Shida yake ilikuwa ya kikazi kabisa: afikie uamuzi gani akiwa na sampuli chache tu? Mwaka 1908 alichapisha jibu kwa jina la bandia, Student, na jaribio la t lililotokana nalo, hesabu ya takwimu ya kulinganisha wastani wa sampuli chache, hutumika mpaka leo, viwandani na hospitalini.