Mpimeni damu kabla hamjamshindilia uji

Mkuu, weka hilo bakuli chini kwanza. Umeandika kwamba mdogo wako wa kidato cha tano amerudi likizo amebaki mifupa, mmemnunulia vidonge vya kuongeza hamu ya kula, asubuhi uji wa lishe, mchana supu ya kongoro, usiku anasimamiwa mpaka amalize sahani. Sasa miguu imeanza kujaa na mama anafurahi kwamba dawa imekubali. Na wewe unatuuliza muongeze dozi au mbadilishe aina, hospitali ipi inafaa, na kama arudi shule muhula ukianza.

Msiongeze chochote. Hiyo miguu si unene, ni maji. Mimi nilishangilia miguu ya binti yangu hivyohivyo, na wiki haikuisha nilikuwa kwenye benchi la hospitali usiku wa manane nimeshika ndala zake.

Kwetu ilianza polepole, ndiyo maana tulilala. Aliacha wali, akaacha nyama, kisha akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, tukaona mtoto ameshika dini. Nilimsifia mpaka kwa mashemeji. Anakanda maandazi ya nyumba nzima na haonji hata moja. Anavaa sweta Dar es Salaam mwezi wa kwanza, joto lile ambalo hata paka wanalala sakafuni. Mama yake ndiye aliyegundua haombi tena hela ya pedi. Mimi nikakimbilia duka la dawa kununua kipimo cha mimba, kikaonyesha hana, nikashangilia utadhani Simba wamefunga dakika ya tisini. Mtoto hedhi imekata miezi, anatetemeka kwa baridi kwenye joto, baba mtu anashangilia! Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, maana nchi hii asiyekula ana vidonda vya tumbo, na asiye navyo ana taifodi.

Sasa njoo kwenye vidonge. Kuna dada mmoja anajiita mshauri wa lishe, ana kundi la WhatsApp limejaa picha za wasichana kabla na baada. Akaniambia, "Baba, wiki mbili tu hutamtambua mwanao." Kweli, sikumtambua. Nilimlipa bei ya kuku wawili wa kienyeji kwa kipakti kisicho na jina wala tarehe. Daktari alipokiona hakushangaa hata kidogo: vidonge hivi vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa, pamoja na deksamethasoni, ambayo inavimbisha uso na wakati huohuo inaweza kushusha potasiamu kwenye damu. Nilipompigia yule dada akaniambia mwanangu ana "mwili mgumu", niongeze pakti ya pili nipate punguzo. Punguzo! Hadi leo yuko hewani, picha mpya kila Ijumaa.

Na binti hakuwa amekosa hamu, hilo mlielewe. Njaa alikuwa nayo mchana na usiku, alikuwa anapigana nayo. Huo ugonjwa unaitwa anoreksia, ni wa akili na mwili kwa pamoja, na ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Kidonge cha njaa hakigusi kilichomfanya aogope chakula.

Lakini vidonge peke yake visingetufikisha tulipofika. Kilichotaka kumuua ni mapenzi yetu. Tulijipanga zamu, mama yake, mimi na shangazi yake, na shangazi yule ana mkono mzito. Uji wa soya na karanga na asali, juisi ya miwa, maziwa, wali, tena ndani ya siku chache, kwa mtoto ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na tango. Alipolegea tukamrudisha zahanati, wakamtundikia dripu ya sukari "apate nguvu". Hawakupima kitu. Usiku moyo ukaanza kwenda mbio na kurukaruka, miguu imejaa, maneno yamechanganyika, ananiita kwa jina la babu yake.

Daktari alinieleza hivi. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaishi kwa kuunguza mafuta na misuli yake wenyewe. Ukiuletea wanga mwingi ghafla, insulini inapanda, na seli zinaanza kufyonza fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu. Akiba ilishakwisha zamani, kwa hiyo damu inabaki tupu, na moyo unakosa hayo madini unayoyategemea. Vitamini B1 nayo inatumika haraka na kuisha, hapo ndipo akili inapovurugika. Dripu ile ya sukari bila B1 ilikuwa petroli kwenye moto. Nesi wa wodini akaniuliza kama nimewahi kuona watoto wa utapiamlo mkali wanavyolishwa. Wanaanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 tu kwa mililita 100, kidogokidogo usiku na mchana, wakitulia ndipo wanahamia F-100. Kila wodi ya watoto inalijua hilo. Mkubwa akiingia na njaa ileile, anatundikiwa sukari.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitachoka kuirudia humu: damu kwanza, sahani baadaye. Potasiamu, fosfeti, magnesiamu, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Zahanati ya mtaani kwetu fosfeti hawakuwa nayo, kwa hiyo nendeni moja kwa moja hospitali ya rufaa. Sisemi mumnyime chakula njiani, apate kidogo kidogo, ila acheni mashindano. Mshike mkono uhesabu mapigo dakika nzima akiwa amekaa, yakiwa chini ya 50 ni dharura. Akizimia, moyo ukirukaruka au akichanganyikiwa, ni dharura. Miguu kujaa baada ya kuanza kulishwa namna hiyo, nendeni leo, msingoje Jumatatu.

Na asiye mwembamba asikudanganye. Wapo wanaokula kisha wanakimbilia chooni kutapika, uzito wa kawaida kabisa, mashavu yamejaa chini ya masikio, meno yanaliwa, vidole vina sugu kwenye vifundo. Kutapika kunashusha potasiamu vilevile. Damu kwanza.

Moyo ukishatulia ndipo mnakutana na daktari wa magonjwa ya akili. Muhimbili wapo. Wakikutajia Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, usiruke, mimi niliruka nikapoteza muda. Kwetu ilikuwa mazungumzo ya kila wiki na sisi wazazi kufundishwa kukaa naye mezani, milo mitatu na vitafunio, bila kugombana na bila kusema neno hata moja juu ya mwili wake, liwe la kusifu. Shangazi lilimshinda hilo, akarudishwa Tanga kwa heshima zote.

Mkienda leo, bebeni na hicho kipakti hata kama hakina jina. Kama ndani kuna deksamethasoni na ameinywa kwa muda, kuikata ghafla nako kuna hatari, daktari ndiye aamue namna ya kuiacha. Na kama wakitaka kumtundikia sukari kabla ya kitu chochote, uliza: B1 ameshapata? Wakikuona mjuaji, shauri yao. Uliza tena.