Sukari ya kwenye chupa

Kaka, umeuliza kama kijiko cha chai cha sukari kwa kila chupa kinatosha kuitia gesi bia yako ya kwanza ya kutengeneza nyumbani, hapo Unguja. Kijiko kina gramu 4 hivi. Chupa ya nusu lita itavumilia, ila ya mililita 330 itakuwa na gesi nyingi mno, na vijiko vyenyewe havifanani. Mie ningepima mara moja: gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani kama gramu 130 kwa lita 20. Chemsha kwa maji kidogo, acha ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha ingiza bia juu yake kwa mpira, taratibu, isipige povu.

Lakini kabla ya sukari, bia imemaliza kuchacha? Kimya cha povu hakitoshi. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, isome vilevile siku tatu mfululizo. Ikiwa bado kuna sukari ndani, hamira itaendelea kula ndani ya chupa, na kioo kikipasuka ni hatari kweli. Tumia chupa nene za bia zenye kizibo cha kubana, na uache nafasi ya vidole viwili juu.

Jaza na chupa moja ya plastiki ya soda. Ikigeuka ngumu kama jiwe, gesi ipo. Kwa joto la kaskazi hili, wiki moja yaweza kutosha. Penye baridi husubiriwa mbili. Weka kizani, ndani ya kasha lenye kifuniko. Kisha friji siku nzima, zikiwa wima, ndipo ufungue.