Ubwiri unga kwenye maboga na matango: dawa nyepesi hufanya kazi ukiwahi

Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaofanya majani yaonekane kama yamenyunyiziwa unga. Jani likishafunikwa na unga huo mweupe, hakuna dawa nyepesi itakayolirudisha lilivyokuwa. Maziwa, bekingi soda na salfa hulinda zaidi majani ambayo bado ni mazima. Mafuta ya mwarobaini ndiyo yanayoweza kukandamiza kidogo ukungu ulioanza. Ndiyo maana siulizi kwanza "dawa gani?" Nauliza "umeuona lini?"

Nami hukagua majani ya chini kwanza, yale makongwe yaliyojificha kivulini, juu na chini ya jani. Dalili ya mwanzo ni vidoa vyeupe vya mviringo. Visugue kwa kidole: ukungu hufutika. Baadhi ya maboga yana mabaka ya rangi ya fedha kwa asili, yanayofuata mishipa ya jani, na hayo hayafutiki hata usugue vipi. Nimeona watu wakihangaika na dawa kwa mmea usioumwa chochote.

Ukungu huu una tabia ya kuwachanganya wakulima. Magonjwa mengi ya majani yanataka jani lilowe; huu hauhitaji. Hewa yenye unyevu, msongamano, kivuli na joto la kati ya nyuzi 20 na 27 vinautosha, kwa hiyo unaweza kushamiri hata mvua ikikatika. Jambo la kutia moyo ni kwamba aina nyingi huchagua mmea: ule wa maboga kwa kawaida hauhamii kwenye njegere.

Maziwa ndiyo ninayoyapenda zaidi. Sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, mara moja kwa wiki, asubuhi yenye jua, kwani mwanga unaelekea kuyaongezea nguvu. Msidhani ni imani za bibi tu: mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alichapisha matokeo ya majaribio ya maziwa ya ng'ombe kwenye maboga machanga ndani ya banda la kuoteshea, na kipimo cha asilimia 10 kwenda juu kilifanya kazi vizuri. Ukizidisha sana, utapata harufu mbaya na ukungu mwingine, usio na madhara makubwa, ukiota juu ya mabaki.

Bekingi soda: kijiko cha chai kimoja kwa lita moja ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali ili dawa ishike kwenye jani. Siyo bekingi pauda, na wala siyo magadi, ambayo ni makali zaidi. Usiifanye dawa ya kila siku, maana sodiamu huunguza majani na kujilimbikiza kwenye udongo. Ukipata bikaboneti ya potasiamu, chukua hiyo. Haileti sodiamu, na kwa maoni yangu ni bora kuliko soda.

Salfa na mafuta ndipo pa kuwa makini. Salfa hupuliziwa kabla ugonjwa haujatanda, na mafuta ya mwarobaini hufuata maelekezo ya chupa. Vyote viwili huunguza majani joto likizidi nyuzi 32, na kamwe usivitumie kwa mmea mmoja bila kuacha angalau wiki mbili kati ya kimoja na kingine. Matango na jamii yake ni mepesi kuungua kwa salfa, basi jaribu kwenye majani mawili matatu, usubiri siku moja au mbili. Vaa barakoa na miwani, maana vumbi la salfa linawasha macho na kifua, licha ya upole wake wote. Mafuta nayapulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Chochote utakachochagua, kiguse upande wa chini wa jani pia, na rudia kila baada ya siku saba hadi kumi kwa sababu majani mapya hayana kinga. Mvua ikinyesha, anza upya. Ondoa majani yaliyozidiwa, ila usiuvue mmea nguo zote kwa siku moja, matunda yataungua na jua. Punguza samadi na mbolea ya naitrojeni, kwani majani laini yaliyokua haraka ndiyo ukungu unayoyapenda.

Na mmea uliokaribia kumaliza kuzaa? Mimi huuacha, siupotezei dawa.