Gata za mvua: tunajibu barua zenu kabla vuli haijakolea

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa. Tumechagua nne za hapa Mwanza ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimeezeka nyumba Buswelu, paa la migongo miwili, mita 14 kwa 10 pamoja na sehemu inayotokeza nje ya kuta. Fundi mmoja anataka nifunge gata za plastiki, mwingine za bati. Ninunue zipi, na za ukubwa gani?

Ndugu yetu, tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Usipime bati kwa mteremko wake. Pima eneo la ardhi ambalo paa linalifunika. Kwako kila mgongo unafunika mita 14 kwa 5, yaani mita za mraba 70. Kwa mvua zetu zinazomwagika kwa kishindo, kila mita ya mraba ya paa ipewe sentimita moja ya mraba ya tumbo la gata. Gata ya nusu duara yenye mdomo wa sentimita 10 ina sentimita za mraba 39 tu, ya 12.5 ina 61, na ya 15 ina 88. Maji ya upande mzima yakielekea tundu moja la kushukia, chukua ya 15. Ukiweka tundu kila mwisho, kila moja litabeba mita za mraba 35, na hapo ya 12.5 inatosha. Ile ya 10 ingetosha kwa shida tu, iache kwa kibaraza. Bomba la kushushia liwe la inchi 3, au inchi 4 kama kuna mwembe karibu.

Plastiki haishiki kutu na ni rahisi kufunga. Adui yake ni jua: ile isiyo na kinga ya jua hukauka na kupasuka. Tena hurefuka kwa joto. Kipande cha mita 4 kinaweza kurefuka milimita 7 kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo fundi aache nafasi hiyo ndani ya kila kiungo. Akibana vipande vigusane, gata itapinda au itajichomoa.

Kwa urefu wako sisi tungechagua bati la rangi, geji 26, au 28 ikibidi. Namba ikipanda, bati ni jembamba, na geji 30 hubonyea ngazi inapoegemea. Bati hukunjwa vipande virefu, na kila kiungo kinachopungua ni mahali pamoja pasipovuja. Likatwe kwa mkasi wa bati. Cheche za grenda huunguza rangi na zinki, na kutu huanzia palepale.

Ukiamua plastiki ya vipande vya mita 4, nunua vipande 8, viungo 6, vizibo vya mwisho 4, matundu 4 na breketi (vishikio vya gata) 50 kwa pande zote mbili. Breketi zikae kila sentimita 60, na kila tundu liwe na breketi karibu yake.

Gata zangu za bati hapa Kirumba zinavuja katikati. Fundi ameshapaka silikoni mara tatu. Mvua ikikatika, maji yanabaki humo siku mbili na mbu wanazaliana. Upande una mita 12, tundu ni moja mwishoni.

Dada, silikoni haina kosa. Maji yamelala, na kiungo kinacholowa usiku na mchana kitavuja tu. Panda ngazi siku ya jua uangalie ndani ya gata. Utaona mstari wa tope kavu kwenye ukuta wake, kama alama iliyobaki kwenye sufuria. Pale mstari ulipopanda juu kabisa ndipo gata ilipozama. Kisha mwaga ndoo ya lita 20 kwenye mwisho ulio mbali na tundu, usubiri dakika tano. Dimbwi litakalobaki litathibitisha.

Mara nyingi fundi hufuata ukingo wa bati la paa au fishabodi, ule ubao wa pembeni mwa paa unaofungiwa gata, akidhani umenyooka, kumbe mbao zimeshacheza. Gata inataka mteremko wake yenyewe: milimita 5 kwa kila mita. Kwa mita 12 kuelekea tundu moja hizo ni sentimita 6, na mwisho wa chini utakuwa mbali na bati la paa kiasi kwamba upepo wa ziwani utapeperusha maji kabla hayajaingia. Bora sehemu ya juu iwe katikati ya nyumba, gata ishuke sentimita 3 kila upande, na uongeze tundu na bomba upande wa pili.

Fundi afungue breketi zote. Apige msumari katikati, kisha mmoja kila mwisho, sentimita 3 chini zaidi, akihakikisha kwa mpira wa kupimia maji. Macho yasitumike. Uzi uvutwe, breketi zifuate uzi. Ukingo wa bati la paa uingie ndani ya gata sentimita 4 hadi 5, na mdomo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko wa nyuma. Gata ikifurika, maji yamwagike nje, yasirudi kuozesha fishabodi.

Sasa ndio kiungo. Kibanduliwe, silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, bati lioshwe na likauke juani. Kipande cha juu kikae ndani ya kile cha chini kwa sentimita 5 au zaidi, kama magamba ya samaki, maji yasikute mdomo. Silikoni iwekwe mistari miwili katikati ya bati na bati, kisha vibanwe kwa ribiti (pini za kubania bati). Kupaka juu ya ufa ni kazi ya msimu mmoja. Mwambie pia fundi ainuse: silikoni inayonuka siki hula zinki ya bati. Atafute ile isiyo na harufu hiyo.

Tunaishi Igombe. Makorongo wanatua kwenye paa, na wale wadudu wa ziwani wanajaa kwenye gata. Maji ya simtanki yana rangi ya chai na yananuka.

Msiache kuvuna kwa sababu hiyo. Mwanza hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, na paa la mita za mraba 60 linaweza kuwapa takriban lita 48,000 hata likipoteza moja ya tano. Kinachotakiwa ni kuyazuia maji ya kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 60, na hizo ndizo zinazobeba kinyesi na mizoga.

Kabla bomba halijaingia tangini, weka kiungo cha T, na mguu wake ushuke kwenye pipa la plastiki la lita 60 lililofungwa vizuri. Pipa likijaa, maji yanayofuata hupita kwenda tangini. Chini ya pipa toboa tundu la milimita 3 lijimwage lenyewe, na weka kizibo kikubwa cha kutolea tope. Wavu wa mbu ukae kwenye mdomo wa tangi na kwenye bomba la kufurikia. Msiutandaze juu ya gata, wadudu wale hugeuka uji na kuuziba. Gata zisafishwe kabla ya vuli na tena kabla ya masika, ngazi ikiwa mbali na waya wa umeme. Ya kunywa yachemsheni, hata yakiwa meupe pe.

Niko mlimani Mabatini. Tangu nifunge gata, jirani wa chini analalamika maji yanachimba nyuma ya jiko lake.

Mzee wetu, jirani ana haki. Zamani maji yalidondoka kwenye mstari mzima wa paa, sasa yanatoka tundu moja. Mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 70 ni lita 1,400, na jabali halinywi maji. Usichimbe shimo la kuyameza juu ya ukuta wake wa mawe, utausukuma uanguke. Weka tangi, kisha bomba la kufurikia la inchi 4 lishuke likiwa limebanwa kwenye mwamba hadi mfereji wa barabara, limalizikie juu ya mawe makubwa yaliyopangwa kwa zege. Kama ukuta wa jirani hauna matundu ya kutolea maji, saidianeni kuyaweka: vipande vya bomba la inchi 2, kila mita moja na nusu, karibu na chini ya ukuta.