Ukienda chuo kidogo Marekani, soma matangazo

Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka wangu wa kwanza Berea College kule Kentucky, niliingia darasani saa mbili kasoro dakika tano, daftari mkononi, nikakuta viti vitupu. Nikakaa. Nikadhani nimekosea chumba, nikaenda cha pili: hamna mtu. Koridoni nikamkuta mama wa usafi, akaniangalia kwa huruma. Leo Mountain Day, mwanangu, masomo hakuna, watu wote wako mlimani.

Tangazo lilikuwa limekuja kwa baruapepe, tena si mara moja. Sikuwa nalifungua. Nilikuwa nashinda kwenye magrupu ya WhatsApp ya nyumbani. Ya Simba na Yanga nilikuwa nayo yote kichwani.

Wadogo zangu mnaojaza fomu za vyuo hivi vidogo, nawaambieni hili mapema. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), unaweza kujificha katikati ya mamia darasani, ukaibuka siku ya mtihani. Berea ina wanafunzi kama 1,500. Usipoonekana bwaloni siku mbili, profesa anakuuliza kama unaumwa. Mimi ilinikera mwanzoni, nikaona umbea. Baadaye nikagundua kwamba maisha ya chuo, pamoja na nafasi za kazi na safari za bure, yanapita humo humo kwenye vitangazo na maneno ya bwaloni.

Na kazini. Berea haitozi ada ya masomo tangu 1892, lakini kila mwanafunzi anafanya kazi, si chini ya saa 10 kwa wiki. Hakuna cha kusubiri boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Mimi nilipangiwa karakana ya mafagio. Nilicheka nilipoona malighafi: mtama! Mtama kweli kabisa, ila wa aina yenye masuke marefu. Unayalowesha yalainike, unayazungushia mpini huku unakaza kwa uzi, na vidole vinachubuka wiki mbili za kwanza. Bibi yangu Dodoma angeuliza ugali uko wapi.

Pale karakanani ndipo nilipokijua chuo. Mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, alituhadithia jinsi chuo kilichoanzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa kilivyokuwa kikisomesha weusi na weupe pamoja, mpaka jimbo likapitisha sheria ya kukataza jambo hilo mwaka 1904. Carter G. Woodson, baba wa historia ya watu weusi Marekani, alikuwa amehitimu hapo 1903, mwaka mmoja tu kabla. Mlango haukufunguliwa tena hadi 1950. Nilikuwa nimepita kwenye majengo hayo miezi mitatu bila kujua kitu.

Sasa habari za pesa, maana hizo nazo ni habari za chuo na wengi hatuzisomi kabisa. Vyuo vidogo vinafungwa. Birmingham-Southern College ya Alabama, yenye wanafunzi zaidi ya 700, ilitangaza Machi 2024 kwamba inafunga, na 31 Mei ikafunga kweli. Siku hiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio kwenye fainali za taifa, imevaa jezi za chuo ambacho kinakufa siku hiyo hiyo. Mwamerika anahamia kwingine kwa usumbufu tu. Wewe mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, huna muda wa kusuasua. Usipopata chuo cha kuhamia, huna sababu ya kuwa nchini.

Kwa hiyo kabla hujakubali nafasi, waandikie. Uliza mwaka huu wamepokea wangapi, miaka mitano iliyopita walikuwa wangapi, na ni idara zipi zimefutwa. Binamu yangu aliuliza chuo kimoja hivyo. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: aya mbili tamu za kumkaribisha kwenye familia yao, bila tarakimu hata moja. Akaenda kwingine.