Shangazi, ndoto yangu ni ndogo mno?

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 18, naishi Lexington, Kentucky, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulikuja 2016 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mwalimu alituambia tuandike insha: Ndoto ya Marekani kwako ni nini? Wenzangu waliandika nyumba kubwa, magari, kampuni. Mimi niliandika kwamba nataka kufundisha watoto wadogo, na kila Jumapili sisi wote saba tule sombe, kisamvu chetu, meza moja. Baba anapanga mizigo ghalani usiku, mama anasafisha vyumba vya hoteli mchana, wanapishana mlangoni. Mdogo wangu akamsomea baba insha. Baba akanyamaza, kisha akasema: 'Nilivuka ziwa, nikavuka bahari, ili mtoto wangu aote sombe?' Yeye anataka niwe daktari. Tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri. Ndoto yangu ni ndogo?"

Marahaba, mwanangu.

Si ndogo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mlangoni, mama akivua viatu na baba akivaa vyake. Unachoomba wewe si chakula, ni muda. Na kwa watu wanaolipwa kwa saa, muda wa kukaa pamoja ni kitu ghali kuliko gari.

Tena uko karibu na mwenye neno kuliko unavyodhani. Aliyeyaeneza maneno hayo, Ndoto ya Marekani, ni mwanahistoria James Truslow Adams, mwaka 1931, uchumi wa nchi yake ukiwa umeporomoka. Aliandika wazi kwamba si ndoto ya magari na mishahara mikubwa tu, bali ya nchi ambamo kila mtu anaweza kufikia kimo chake chote, amezaliwa popote. Mwambie mwalimu wako.

Sasa baba, maana hapo ndipo penye uchungu. Kambi ile ilifunguliwa 1996. Fikiria miaka ya unga na maharage ya kupimiwa, usaili juu ya usaili wa kuhamia Marekani, vipimo vya hospitali, kwenda kila mara kutazama kama jina limebandikwa ubaoni. Kisha safari na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, mkononi, na deni la nauli ya ndege la kulipa kidogo kidogo kila mwezi baada ya kufika. Mtu aliyepita huko akisikia sombe, anasikia kambi. Sombe alikuwa nayo Kigoma bila kupanda ndege.

Na huenda kilichomchoma zaidi si sombe. Insha yako ilimwambia kwamba hayupo nyumbani. Hilo analijua, mwanangu. Analijua kila asubuhi anaporudi na kuwakuta mnabeba mabegi ya shule. Kulisikia limeandikwa na binti yake, tena kwa ajili ya mwalimu, ni jambo jingine. Usimhesabie kimya chake kuwa ni dharau.

Lakini nawe nikukaze kidogo. Umeandika meza, hukuandika bei yake. Mshahara wa mwalimu hautamtoa baba ghalani mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kaa na karatasi upige hesabu: kodi ya nyumba, chakula, mahitaji ya shule ya wadogo zako. Udaktari nao uupime kwa haki: miaka minne ya chuo, minne ya shule ya udaktari, halafu angalau mitatu ya mafunzo hospitalini, zamu za usiku na Jumapili zikiwemo. Ukiupenda, nenda. Ukienda kwa ajili ya baba peke yake, utachoka katikati, naye ataumia mara mbili.

Kwa ualimu, njia ya gharama nafuu ipo hapo hapo mjini kwenu: miaka miwili chuo cha jamii cha Bluegrass, kisha uhamie chuo kikuu umalizie digrii. Kama una green card, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Kwa familia ya kipato chenu unaweza kupata Pell Grant, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika hadi dola 7,395, na hurudishi hata senti.

Fomu hiyo haikamiliki bila mzazi. Baba atahitaji kufungua akaunti yake mwenyewe na kutoa idhini taarifa zake za kodi zisomwe. Basi chagua siku ambayo hana zamu. Mpikie. Kabla hujafungua kompyuta, msomee insha wewe mwenyewe, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, mpaka mwisho. Halafu muulize yeye aliandika nini moyoni siku alipoona jina lake ubaoni, na umwache aseme hata kama fomu itangoja wiki nyingine.

Shangazi